Mtu wa Kuitwa Mtoto Akiugua

4 Agosti

Mwanangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu namsalimu Kidoti kwa salamu yake peke yake, asije akasema bibi amemchanganya na watu wazima. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti hilo unalijua. Je, mnaendeleaje? Kile kikohozi cha mtoto kimekwisha? Uliniandikia habari zake mwezi wa tatu, kwa hiyo naamini kimekwisha.

Ulisema nisikupigie simu kwa sababu kila tukipigiana tunaishia kugombana. Sawa. Karatasi haipandishi sauti, na mtu anapata nafasi ya kuchana alichoandika kabla hakijafika. Hii ni barua ya tatu. Mbili nimezichana.

Nimepewa kazi mpya juu ya ile ya zamani. Ofisi ya elimu inataka kijitabu cha kuwajulisha wageni shule zote za eneo letu: shule nne, maktaba, basi, zahanati, nani aulizwe nini. Unajua watu walivyohama baada ya kiwanda kufungwa. Sasa karakana ya reli inapanuliwa, na ofisi inatumaini mafundi watakuja na watoto wao. Ofisa wa elimu alisimama kwenye dirisha langu akasema, "Karani, umekaa hapo miaka thelathini na moja, andika unachokijua." Nilivimba kichwa siku nzima. Halafu nikakaa mbele ya karatasi, nikagundua kwamba sijui mgeni anataka kuambiwa nini. Mimi sijawahi kuwa mgeni hapa.

Na hili si pambo. Darasa la kwanza la shule yetu lisipopata watoto kumi na wawili kufikia mwisho wa Novemba, halifunguliwi. Leo ninao wanane kwenye rejista. Nimeandikisha darasa la kwanza kila mwaka tangu wewe hujazaliwa, na wewe mwenyewe nilikuandika kwa mkono huu. Sitaki rejista iishie mikononi mwangu.

Kwa hiyo naomba unisomee. Umeondoka miaka mitano, nusu yako sasa ni mgeni. Nakutumia kurasa kumi za kwanza. Zisome kama mama mwenye mtoto wa miaka sita, asiyejua aelekee wapi.

Mwambie Kidoti ile alama ndogo chini ya jicho lake ilitoka kwangu, asikubali kudanganywa.

Mama yako

*

29 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kikohozi kilikwisha mwezi wa nne, na Kidoti ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka akiwa amefumba mdomo kama mheshimiwa. Goti lipake ile dawa, usiiweke tu kabatini kama pambo.

Nimesoma kurasa zako hapa kwenye duka letu la miwani, kati ya mteja na mteja. Nimezoea kuwauliza watu kama wanaona vizuri, kwa hiyo ngoja nikuulize na wewe. Umeandika, "Shuka kwenye basi penye duka la mkate." Mama, duka hilo lilikuwa linauza matairi hata kabla sijaondoka. Mgeni atazunguka na begi na mtoto akitafuta harufu ya mkate. Umeandika pia kwamba maktaba iko "pale palipokuwa na posta." Palipokuwa! Umewachorea watu ramani ya mji wa mwaka ule mimi nikiwa darasa la tatu.

Dereva wa basi la shule umemweleza vizuri. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akadhani namcheka yeye. "Dereva anaitwa Polepole, na jina hilo amelifanyia kazi. Mtoto akichelewa atamngoja. Mzazi akichelewa atamwambia ukweli." Hiyo usiifute hata ofisa akikunja uso.

Lakini ukurasa wa tisa umenishinda. "Ukikwama, usihangaike. Nenda nyumba yenye mlango wa buluu, ya pili baada ya ukuta wa shule. Bisha kwa nguvu, aliye ndani huwa uani. Siku yoyote, saa yoyote. Utaelekezwa, na ukipenda utakaa."

Mama, hiyo ni nyumba yetu. Si ofisi ya serikali. Unawaambia watu usiowajua waje siku yoyote, saa yoyote, wakae! Uko peke yako kiasi hicho?

Sikuulizi hivyo kwa sababu ninapanga kuja. Nasema mapema kabla hujaanza. Kidoti ataanza darasa la kwanza huku. Nimeshaamua.

Mwanao

*

11 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na asante kwa masahihisho. Mwambie mheshimiwa wangu acheke tu, pengo ni la muda. Duka la mkate nimelifuta. Nilipoenda kuhakikisha nimewakuta kweli wanauza matairi, na mwenye duka ananiambia wana miaka saba pale. Mimi napita hapo kila siku ya Mungu, lakini macho yangu yalikuwa bado yanaona mikate.

Umeniuliza kama niko peke yangu kiasi hicho. Ndiyo.

Sitaki kukuongezea chumvi. Asubuhi sina shida, kuna kengele, kuna watoto, kuna walimu wanaotafuta chaki niliyowapa jana. Chakula cha mchana nakula na mpishi wa shule, tunasengenya kidogo, siku inasogea. Shida inaanza saa kumi, ninapofunga dirisha. Kutoka dirishani hadi mlango wa buluu ni hatua mia na arobaini. Zamani nilikuwa nazitembea nikiwa na haraka, kwa sababu marehemu baba yako alikuwa ananingoja. Sasa nazitembea taratibu, nazihesabu, na bado nafika mapema.

Nikuambie kitu cha kuchekesha. Mwezi wa saba niliteleza kwenye ngazi za maktaba, wakanipeleka zahanati. Si jambo, ni lile lile goti. Muuguzi akatoa kadi akaniuliza, "Mtu wa kuitwa ukizidiwa ni nani?" Unajua mstari huo uko kwenye fomu zetu pia: mtu wa kuitwa mtoto akiugua. Miaka thelathini na moja nimewarudishia wazazi fomu zao kupitia dirishani nikiwaambia, "Hapa hapaachwi wazi." Basi nami nikapaacha wazi. Muuguzi akanirudishia kadi. Ikabidi nimwandike mwalimu mkuu, ambaye hunisahau hata kwenye vikao ninavyoviandaa mimi.

Darasa la kwanza sasa lina watoto kumi na mmoja. Mmoja tu, mwanangu, mmoja tu amebaki. Mimi sikuombi kitu. Umeshaamua, nimesikia. Ukurasa wa tisa nauacha ulivyo, na ofisa ameupitisha bila kuuliza mlango ni wa nani.

Mama yako

*

20 Oktoba

Kwa Karani wa Shule,

Habari za kazi. Natumaini u mzima.

Nimepokea bahasha yenye muhuri wa shule yenu. Ndani kuna barua ya mwalimu mkuu inayonipongeza kwamba binti yangu ameandikishwa darasa la kwanza, namba kumi na mbili, pamoja na orodha ya daftari na rangi ya sare. Mimi sikumwandikisha mtoto huko. Sikujaza fomu yoyote. Naomba jina lake liondolewe kwenye rejista mara moja.

Nilitaka kuishia hapo nisaini. Nimeshindwa. Mama, ulikaa ukaandika jina kamili la mwanangu kwenye rejista ya serikali, na tarehe yake ya kuzaliwa, na jina la baba yake. La baba yake! Mtu ambaye siku aliyotuacha nilikupigia simu nikilia, na wewe neno la kwanza ukaniambia, "Nilikuambia." Hukuniuliza hata kama mtoto amelala. Nilikata simu nikiwa na Kidoti mgongoni, na tangu siku hiyo kila nikisikia sauti yako nasikia neno lile.

Sasa umetuamulia tena. Safari hii umetuwekea na namba.

Mzazi

*

2 Novemba

Kwa Mzazi,

Salamu. Barua yako ya tarehe 20 Oktoba imefika na imewekwa kwenye faili.

Jina la mtoto limefutwa kwa mstari mmoja wa rula, wino mwekundu, na sahihi ya karani pembeni, kama kanuni inavyotaka, ili lililofutwa liendelee kusomeka. Mwalimu mkuu na ofisa wa elimu wameelezwa kila kitu na karani mwenyewe, bila kuulizwa. Karani amepewa onyo la maandishi. Ameliandika kwa mashine yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuliandika, na amelipeleka lisainiwe.

Kuhusu bahasha: kila mtoto aliyemo kwenye rejista hupelekewa barua ya kukaribishwa. Karani alibandika stempu kumi na mbili mfululizo, kama anavyofanya kila mwaka, na mkono wake ulifanya kazi kabla ya kichwa. Kama ilikuwa hila, ilikuwa hila ya mjinga.

Watoto waliobaki kwenye rejista ni kumi na mmoja.

Karani

*

14 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Kidoti hajambo? Mimi nipo. Sina hakika kama utaifungua hii, lakini nimeona heri niandike, kwani nimejaribu kunyamaza na sijaweza.

Darasa la kwanza halikufunguliwa. Tulingoja hadi saa kumi ya siku ya mwisho ya Novemba, mimi na mwalimu wa darasa la kwanza, amekaa upande wa ndani wa dirisha langu akitazama njia. Hakuja mtu. Wale kumi na mmoja wataanza Januari shule ya ng'ambo ya reli, Polepole atawapeleka kwa basi. Jana walikuja watu wawili kuchukua viti vidogo. Vinabebeka vinne vinne, vile viti. Chumba kilikuwa kitupu kabla chai yangu haijapoa.

Usije ukafikiri nakulaumu. Mtoto wako hakuwa wangu wa kumhesabu. Kama darasa lingefunguliwa kwa jina lake, lingefunguliwa kwa uongo, na mimi ndiye ningesoma uongo huo kila asubuhi nikiita majina: namba kumi na mbili, kimya.

Kijitabu kimetoka. Nakala za kwanza mia mbili zina ukurasa wa tisa. Baada ya onyo, ofisa alifuatilia mlango wa buluu ni wa nani, na zitakazochapwa baadaye hazitakuwa nao. Aliyekuja kubisha ni mmoja tu, fundi wa reli, kijana mwenye adabu. Alibisha kwa nguvu kama nilivyoelekeza. Nilikuja mbio na goti langu. Alitaka kujua kama nyumba inapangishwa. Nilimkaribisha chai, akasema ana haraka.

Sasa niseme lile ambalo nililichana kwenye barua zote nyingine. Siku ile uliponipigia ukilia, nilikuambia, "Nilikuambia." Nililijua neno hilo ni baya hata kabla halijamaliza kunitoka. Nilikuwa na hofu, mwanangu, na nikiwa na hofu nageuka karani: natafuta nani alikosea. Ulihitaji mama, ukapata dirisha. Nimekukosea. Sikuandika hivi ili urudi. Nimeandika kwa sababu ni kweli na nimechelewa miaka mitano.

Nakuwekea kijitabu kimoja cha Kidoti, chenye ukurasa wa tisa. Asipotaka kukisoma apake rangi picha ya basi. Mimi sitaandika tena mpaka utake.

Mama yako

*

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti limekuachia kidogo. Sisi sasa hatujambo. Nasema sasa, kwa sababu wiki tatu zilizopita tulikuwa hatuko vizuri, na nataka uijue habari yote.

Ilikuwa Jumanne. Kidoti alipata homa darasani saa nne asubuhi. Shule ikanipigia. Simu yangu ilikuwa kwenye droo, maana tukiwa tunawapima watu macho haturuhusiwi kuwa nayo, na siku hiyo wateja walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Walinipigia mara kumi na moja. Halafu wakatafuta jina la pili kwenye fomu. Hakukuwa na jina la pili, Mama. Nilikuwa nimepiga kistari. Siku niliyojaza fomu ile niliona hata fahari kidogo, kwamba mimi na mwanangu tunatoshana.

Nilifungua droo saa kumi. Nilikimbia barabarani nikiwa na koti la kazi. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, miguu haigusi chini, amefunikwa koti la karani wa pale. Ni mama mtu mzima kama wewe. Alikuwa amekaa naye tangu saa nne, ameleta kazi yake ya mafaili kwenye benchi ili asimwache. Hakunigombeza. Alinipa fomu yangu na kalamu, akaniwekea kidole kwenye kile kistari, akasema, "Mama, hapa hapaachwi wazi."

Nililia palepale mbele ya watoto wa watu. Yule mama alifikiri nalilia homa.

Usiku ule homa ikashuka, na asubuhi Kidoti akataka kijitabu chake. Ameshakimaliza zamani, Mama. Hukukileta mwenyewe, lakini kimetembea: kimekuwa mezani, kitandani, kwenye begi la shule. Anamjua Polepole kama mjomba wake. Picha ya basi ameipaka zambarau. Akafungua ukurasa wa tisa, akafuata maneno kwa kidole mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, hapa wamesema mtu yeyote anaweza kubisha. Na sisi tunaweza?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri ya kukataa, nimeyapanga miaka mitano. Hakuna hata moja lililofaa kumwambia mtoto.

Lile neno sijalisahau. Sitakuongopea. Lakini nimechoka kulibeba, na barua yako ya Desemba nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Na mimi nimekukosea. Nilijua uko peke yako, ukaniandikia "ndiyo" kwa mkono wako, nami sikujibu hata mstari mmoja. Nilisoma nikaweka barua chini ya kikokotoo, nikamwita mteja anayefuata.

Nimeomba uhamisho kwenye tawi la duka letu lililo karibu na stesheni ya huko. Wamekubali. Tunaanza mwezi wa nne. Tutagombana, Mama, nakuonya. Mimi sijabadilika na wewe unazidi kuwa wewe. Lakini tugombane kwa sauti, mezani, na mtoto akituona tunamaliza.

Ile fomu ya kuandikisha mtoto, uliyoiweka nyuma ya kijitabu, nimeikata kwa mkasi. Safari hii nimeijaza mimi, kwa hiari yangu, na nakunakilia hapa ili uhakikishe hakuna palipoachwa wazi kabla hujaipeleka shule ya ng'ambo ya reli.

Darasa analoingia: la kwanza, muhula wa pili.

Usafiri: basi la shule. Mzazi atajitahidi asichelewe, maana amesikia habari za dereva.

Mahali mtoto atakapoishi: nyumba ya pili baada ya ukuta wa shule, mlango wa buluu.

Mtu wa kuitwa mtoto akiugua, wa kwanza: bibi yake, kwenye dirisha la shule jirani, au uani.

Mtu wa pili: mama yake, dukani, mpaka saa kumi.

Jambo la mwisho. Kesho ukifunga dirisha usiende nyumbani moja kwa moja. Pitia zahanati, uombe kadi yako. Mwalimu mkuu mfute kwa mstari mmoja wa rula, wino mwekundu, uweke sahihi pembeni. Kisha uniandike mimi.

Mwanao